Afua za mapema kwa mtoto: kozi ya kwenye simu ni kozi kweli?

Kozi za mtandaoni za afua za mapema, yaani msaada wa awali kwa mtoto mwenye ulemavu au anayechelewa kukua, zinasemwa mengi. Najibu manne.

"Kazi ya mikono haifundishiki mtandaoni." Hii ndiyo naisikia zaidi, hasa kwa wenzangu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Ingekuwa kweli kama kazi ingekuwa ya mikono yetu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo humwona mtaalamu pengine nusu saa kwa wiki. Saa zilizobaki yuko na mama, bibi au dada wa kazi. Kwa hiyo kikubwa tunachojifunza ni kumwelekeza mlezi, na hilo kamera hulinasa vizuri. Unajirekodi ukiwa na mama na mtoto saa ya uji, kwa ridhaa ya mama, kisha mkufunzi anaisimamisha video: hapa kichwa kimelala nyuma, uji unaweza kupotea njia ukaingia mapafuni. Mkalishe wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kije kutoka mbele. Halafu linakuja swali linalouma: mbona kijiko umeshika wewe, mama anatazama tu? Kwenye semina za ukumbini sikuwahi kuulizwa hivyo. Kozi ya kutazama video na kujibu maswali ya kuchagua haina hilo. Inakupa maneno tu.

"Ukipata cheti, wewe ni mtaalamu." La. Ruhusa ya kutibu hutolewa na baraza la taaluma yako. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyemaliza kozi anatambua, anashauri na kutoa rufaa.

"Wanatufundisha vipimo vya Wazungu." Hatua za mwendo zilizochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 zilitokana na watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kukaa bila kushikiliwa kuliangukia kati ya miezi 3.8 na 9.2, kutembea peke yake, 8.2 hadi 17.6. Dirisha, yaani kipindi cha kawaida, ni pana, ndiyo maana hatumtishi mama wa mtoto wa miezi 7. Lakini mtoto akiwa na miezi 11 na hakai, "kila mtoto na wakati wake" si jibu tena. Pa kulalamikia ni mifano ya kozi: mazulia na midoli, wakati nyumba ninazotembelea zina mkeka na chupa tupu yenye punje za mahindi. Chupa inatosha kabisa.

"Zinakula bando." Zinakula kweli. Video pakua usiku palipo na Wi-Fi. Kwenye vipindi vya moja kwa moja, sisi tulizima kamera zote isipokuwa ya anayeonyesha mtoto.