Bledi "Inacheza"? Acha Beringi Kwanza

Wiki hii wamekuja watatu, kila mmoja amebeba msumeno wake wa pembe (ile mashine ya kukatia mbao kwa pembe), na mmoja alikuwa tayari na beringi mpya mfukoni, amezinunua Kirinyaga Road kabla hata mashine haijafunguliwa. Wote wananiambia jambo moja: "Fundi, bledi inacheza, nibadilishie beringi." Katika hao watatu, hakuna hata mmoja aliyekuwa na beringi mbovu.

Linalotupoteza ni hilo neno "inacheza". Tunalitumia kwa magonjwa matatu yasiyohusiana. Kuna bledi inayoyumba: ukiizungusha polepole kwa mkono, ubavu wake unakujia na kurudi, na kila mzunguko unafanya hivyo mahali palepale. Kuna shafti iliyolegea: ukiishika bledi na kuivuta nje na ndani, unahisi inagonga. Hiyo ndiyo beringi, na mara nyingi utaisikia ikikwaruza kabla hujaiona. Halafu kuna mkono mzima wa mashine, ule unaobeba bledi, unaosukasuka kwenye pini yake ya nyuma, au kwenye reli kwa mashine za kuteleza. Hapo bledi ni nzima na shafti ni nzima, ila mpini ukiusukuma kidogo kando, mbao inakatika kombo. Mashine iliyozeeka inaweza kuwa na yote matatu, na ndiyo sababu huwezi kukisia.

Chomoa plagi. Vuta bledi, tikisa mkono wa mashine. Vikiwa imara, sahau beringi na pini, tuendelee.

Weka geji ya mshale, kipimo kinachoonyesha hata mchezo mdogo kwa mshale wake. Meza ya mashine ni alumini, kwa hiyo sumaku haitashika. Funga bamba la chuma kwa klampu uisimamishe hapo. Ncha iguse bati la bledi chini ya meno, usiguse meno yenyewe. Jino moja lililochomelewa au kunolewa vibaya litakudanganya kwamba bledi nzima imepinda. Huna geji? Funga kipande cha mbao karibu na bati, upime nafasi kwa karatasi za fotokopi. Moja ina unene wa takriban 0.1 mm.

Sasa hatua ambayo watu wanairuka, nami inaniudhi kwa sababu haigharimu chochote. Tia alama ya kalamu kwenye bledi pale inapotokeza zaidi, na nyingine kwenye shafti, zikielekeana. Legeza bolti (nyingi hufunguka kwa kuzungusha kulia, usiilazimishe kushoto), geuza bledi nusu mzunguko huku shafti imetulia, kaza, pima tena. Palipotokeza pakihama pamoja na alama ya bledi, bledi imepinda. Pakibaki na alama ya shafti, ugonjwa uko kwenye shafti au flanji (ile sahani inayoibana bledi kwenye shafti), na ukinunua bledi kumi zote zitayumba vilevile.

Flanji ndiyo ninayoikuta na kosa mara nyingi kuliko kitu kingine. Kipenyo chake ni kama 50 mm, bledi ni 255 mm (inchi 10). Flanji ikiegama 0.05 mm tu ukingoni, huko kwenye meno inakuwa karibu 0.25 mm, mara tano. Gamba la utomvu wa saipresi lililoshikana na vumbi linatosha kabisa. Yule mwenye beringi mfukoni shida yake ilikuwa hiyo: mafuta ya taa, kitambaa, msasa laini juu ya kioo, basi. Usipige tupa flanji! Ukiiharibu uso, umetengeneza ugonjwa mpya usiofutika kwa kitambaa.

Angalia pia ile ringi ya kupunguza tundu, unapofunga bledi ya 30 mm kwenye shafti ya 25.4 mm. Ringi ikiwa nene kuliko bati, flanji inaibana ringi na bledi inabaki huru. Ringi iliyolegea nayo haileti kuyumba kwa ubavu. Inaitoa bledi katikati, meno ya upande mmoja yakafanya kazi yote.

Shafti iliyopinda ipo, hasa kwa mashine iliyosafirishwa kwenye bodaboda bila kufungwa kichwa ikaanguka. Hiyo inabadilishwa. Kuinyoosha kwa nyundo sikubali.

Mimi nikipata kuyumba kwa chini ya 0.2 mm kwenye bati la inchi 10, narudisha mashine kwa mwenyewe. Lakini zipo zinazopima vizuri na bado zinakwaruza mbao. Nashuku bledi nyembamba iliyowahi kupata moto: inatulia ikizungushwa kwa mkono, kisha inapepea kwa kasi kamili. Kwa kasi hiyo geji yangu haifai kitu, kwa hiyo kwa uhakika sijui. Ninachofanya ni kufunga bledi ninayoiamini, nikate kipande kilekile cha mbao, nilinganishe. Bledi hiyo imetundikwa ukutani, na kazi ya mteja siikatii.