Chuo cha mashemasi wa kike cha London hakikuwaandaa mapadri wanawake

Wengi wakisikia kwamba Waanglikana wa Uingereza walikuwa na taasisi ya kuwafunza mashemasi wa kike tangu mwaka 1861, huamini kwamba wanawake hao walikuwa na daraja lile lile la mashemasi wanaume, ambalo ni ngazi ya kuelekea upadri. Sivyo. Elizabeth Ferard, aliyeianzisha taasisi hiyo kaskazini mwa London baada ya kujionea kazi ya mashemasi wa kike wa Kiprotestanti huko Kaiserswerth, Ujerumani, alipewa leseni na Tait, Askofu wa London, mwaka 1862, naye akawa shemasi wa kike wa kwanza wa kanisa hilo. Lakini leseni hiyo haikumfungulia njia ya upadri. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya utumishi: kuuguza wagonjwa kitandani, kufundisha watoto wa maskini, kuzuru nyumba za parokia, huku sala zikiipanga siku nzima. Wanawake wa kanisa hilo la Uingereza walianza kuwekwa wakfu kuwa mashemasi kamili mwaka 1987, na mapadri mwaka 1994. Kumwona Ferard kama mwanamke aliyesubiri upadri ni kumnyima heshima ya utumishi alioutafuta kwa hiari yake.