Meli ya daraja la juu iliyojumuisha karibu kila kitu: fedha yako inakwenda wapi?

Nianze na jibu. Safari ya baharini ya daraja la juu, ile ambayo bei yake imebeba chakula, ziara, intaneti na vinywaji vya mezani, inastahili kwa mtu anayekwenda kuona miji na kupumzika. Kwa anayeinunua ili afidie fedha yake kwenye vinywaji, haistahili.

Mimi ni wakala wa safari. Wateja wangu wako Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, na wengine ni ndugu zetu wanaoishi Uingereza na Marekani. Kila msimu wa kuweka nafasi naletewa swali lile lile: kwa nini meli moja inauzwa dola 150 kwa usiku na nyingine karibu 400, na zote zinatoka Barcelona kwenda Roma? Shida ya swali hilo ni kwamba bei ya kwanza ni ya mlangoni tu, ilhali ya pili imeshabeba sehemu kubwa ya matumizi ya wiki nzima.

Mfano wangu wa daraja la juu ni kampuni ya meli ya Viking, kwa kuwa masharti yake yanaeleweka. Torstein Hagen wa Norwei aliianzisha mwaka 1997 kwa meli za mitoni, kisha mwaka 2015 ikaingia baharini na Viking Star, meli ya abiria 930. Vyumba vyote vina roshani. Chini ya miaka 18 hupandi. Hakuna kasino. Bei imebeba ziara moja katika kila bandari, intaneti, migahawa yote pamoja na ile ambayo kwingine hulipiwa kando, bia na divai wakati wa chakula cha mchana na cha jioni, kahawa, chai, soda na maji saa zote, na mashine za kufulia unazoendesha mwenyewe bila malipo. Isichobeba ni vinywaji vikali, ziara za ziada, matibabu na, kwa bei ya soko la Marekani, bahashishi ya wahudumu.

Sasa tupige hesabu ya usiku 7 kwa mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Tarakimu hizi nimezikadiria kwa kufuata makadirio ninayoyaona mezani kwangu. Si bei rasmi ya kampuni yoyote.

Meli kubwa, ile ya bei ya mlangoni: chumba chenye roshani kwa dola 150 kwa usiku ni dola 1,050. Bahashishi ya dola 18 kwa siku ni 126. Intaneti ya dola 20 kwa siku ni 140. Kifurushi cha vinywaji cha dola 80 kwa siku, ukiongeza ada ya huduma ya asilimia 18, kinakaribia 661. Chakula cha jioni mara mbili kwenye mgahawa wa kulipia, dola 100. Ziara nne za dola 110, yaani 440. Jumla ni kama dola 2,517.

Meli ya daraja la juu: dola 380 kwa usiku ni 2,660, na bahashishi ya dola 17 kwa siku ni 119. Jumla dola 2,779. Tofauti yote ni dola 262, na kwa mnywaji aliyekuwa anunue kila kitu hata hivyo, hapo hakuna mjadala mrefu.

Lakini wateja wangu wengi hawanywi pombe. Mama mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuja ofisini na mumewe, alikisoma kikaratasi changu cha hesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika kwenye vinywaji akasimama. "Mwanangu, sisi hatuonji. Hizi dola mia sita tunamlipia nani?" Nikamwambia, "Hulipii mama, tuzitoe." Tukazitoa tukaweka dola 15 kwa siku za soda, juisi na kahawa. Meli kubwa ikashuka hadi dola 1,961, na tofauti ikapanda hadi dola 818 kwa kichwa. Kwa wawili ni dola 1,636. Fedha hizo si za kuzifumbia macho.

Hapo ndipo hasa pa kuamulia, na ndipo nisipokubaliana na matangazo. Wauzaji hutaja divai kwanza, wakati divai ndicho kitu cha thamani ndogo kuliko vyote vilivyomo kwenye bei hiyo. Ukitaka kujua dola 818 zinanunua nini, angalia nafasi na muda.

Nafasi inapimika. Tani zinazotajwa kwenye maelezo ya meli za abiria hupima ujazo wa ndani na hazihusiani na uzito. Zigawanye kwa idadi ya abiria, ukihesabu wawili kwa kila chumba. Icon of the Seas, meli kubwa iliyoanza kazi mwaka 2024, ina ujazo wa 248,663 na abiria 5,610 kwa hesabu hiyo, na ikijaa kabisa inabeba hadi karibu 7,600. Unapata 44 kwa kila abiria. Viking Star ina takriban 47,800 kwa abiria 930, yaani 51. Seven Seas Explorer ya kampuni ya Regent, ambayo bei yake iko juu zaidi na imejumuisha hadi bahashishi, ina takriban 55,000 kwa abiria 750, yaani zaidi ya 70. Wengi hudhani meli kubwa ndiyo yenye nafasi kubwa. Gawanya kwanza.

Muda nao unauona asubuhi ya kushuka. Kwenye meli ya watu 900 unamaliza chai, unachukua kadi ya chumba, unateremka ngazi, basi liko pale. Watu elfu tano wanaotaka kushuka saa ile ile kwa milango michache hupangwa kwa makundi na namba, na jioni hupangwa tena kwenye ukaguzi wa usalama. Penye maji mafupi, meli ikitia nanga nje na abiria wakapelekwa ufukweni kwa boti ndogo, tofauti hiyo inaweza kuzidi saa nzima. Bandari yenyewe unaiona kwa saa 8 au 9, kwa hiyo saa moja si kitu kidogo.

Kuhusu ziara iliyojumuishwa, thamani yake inategemea gati liko wapi. Anayeshuka Unguja kwenye bandari ya Malindi hahitaji basi la mtu: anatoka getini anatembea kwa miguu hadi Forodhani na Ngome Kongwe. Bergen kule Norwei ni hivyo hivyo, nyumba za mbao za Bryggen ziko karibu na maji. Lakini "Roma" kwenye ratiba ya meli ni Civitavecchia, kama kilomita 80 kutoka Roma yenyewe, na "Florence" ni Livorno, kiasi cha kilomita 90 kwa barabara. Hapo usafiri uliolipiwa una maana, hasa kwa mzee asiyetaka kugombana na ratiba ya treni ya lugha asiyoijua. Kijana mwenye simu na mguu mzima anaweza kupanda treni kutoka Civitavecchia na kufika Roma kwa takriban saa moja, akaokoa sehemu kubwa ya zile dola 440 nilizoziandika juu. Huyo hesabu yake inaegemea meli kubwa.

Soma pia jina la ziara yenyewe, si jina la bandari. Bandari ikiandikwa Florence, je, ziara ya bure inaingia Florence, au inaishia mji wa jirani na Florence inauzwa kando? Ziara za bure nyingi ni za saa chache, basi na matembezi ya kundi lenye visikilizio masikioni, na nafasi ya kuzunguka mwenyewe ni ndogo. Zinakupa sura ya mji. Anayetaka kuingia makumbusho na kukaa humo ataongeza fedha.

Venice inahitaji tahadhari ya peke yake. Tangu Agosti 2021 Italia imezuia meli zenye ujazo unaozidi 25,000 kupita mfereji wa Giudecca na mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko. Watu huniambia watalipa zaidi wapate meli ndogo ili waingie nayo mjini. Angalieni tarakimu: hata meli ya 47,800 imeshavuka kikomo karibu mara mbili. Nayo hupelekwa gati la mbali kama zile nyingine, kwa mfano Chioggia, kisha unasafirishwa. Kwa Venice, bei ya juu haikununulii mlango.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi katika kazi hii: viza. Blogu nyingi kuhusu safari hizi zimeandikiwa wenye pasipoti zisizohitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingilia kundi la nchi za Ulaya. Sisi wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo tunaihitaji, na ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Ombi hupokewa si mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari. Kampuni za daraja la juu, hasa zinapotoa punguzo la kununua mapema, huweza kudai malipo yote kabla ya dirisha hilo kufunguka. Maana yake unaweza kuwa umeshalipa dola elfu tano na zaidi kwa wawili, na hata fomu ya viza bado huruhusiwi kuiwasilisha. Bima nyingi za safari hazifidii viza iliyokataliwa. Kwa hiyo kabla ya kufurahia punguzo, omba tarehe ya mwisho ya malipo kwa maandishi na jedwali la makato ya kughairi. Mimi humwambia mteja aiache ofa nzuri ikiwa tarehe hizo hazilingani, hata kama itamaanisha kulipa zaidi baadaye.

Na viza iwe ya kuingia mara nyingi. Meli ikitoka Ugiriki ikaenda Kusadasi, Uturuki, kisha ikarudi Ugiriki, umetoka Schengen na kuingia tena. Kotor ya Montenegro ni nje pia. Kroatia ilijiunga na Schengen tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo Dubrovnik sasa iko ndani, na maelezo ya zamani mtandaoni yatakupotosha. Safari inayoanzia au kuishia Uingereza inahitaji viza ya Uingereza juu ya hiyo. Abiria asiye na karatasi kamili huzuiwa kupanda siku ya kwanza, na fedha hazirudi.

Kitu kingine kinachotugusa ni soko bei ilikotolewa. Ofa ya "ndege bure" kwa kawaida ni ya miji ya Marekani, Kanada au Uingereza. Ndugu aliyeko Minneapolis au Birmingham anaweza kuitumia, aliyeko Dodoma hawezi. Kampuni ile ile inaweza kuuza chumba kile kile London kwa bei iliyobeba ndege na bahashishi, na Marekani kwa bei isiyobeba. Mkitaka kusafiri pamoja, familia iliyogawanyika kati ya bara mbili, linganisheni kila kitu kilichomo kabla ya kulinganisha jumla. Mnaotoka huku ongezeni hoteli ya usiku mmoja kabla ya meli. Ndege ikichelewa siku ya kuondoka, meli haisubiri.

Kwa anayekula halali: samaki na vyakula vya mboga havikosekani, lakini nyama iliyochinjwa kihalali si jambo la kudhania. Tuma ombi wiki nyingi kabla na udai jibu la maandishi. Pia omba friji ya chumbani iondolewe pombe. Hilo ni ombi jepesi, na si la kuonea haya.

Wenye watoto msipoteze muda na Viking. Chukueni meli kubwa yenye mabwawa na vilabu vya watoto, mlipe bahashishi na intaneti mapema, mwache vifurushi vya vinywaji. Kwa mjane, mseja au yeyote anayelala peke yake chumbani, uliza kwanza nyongeza ya msafiri mmoja, kwa kuwa inaweza kufikia bei kamili ya mtu wa pili, na hapo zile dola 2,660 zinageuka 5,320 huku ukila sahani moja. Baadhi ya safari hupunguza nyongeza hiyo vyumba visipouzika. Wakala wako ana uwezo wa kuulizia safari kwa safari. Mwambie aulize kabla hujaweka amana.