Kizimba cha chatu: pesa iende mlangoni

Chatu havunji ukuta. Ana usiku kucha wa kupitisha pua kila pembe ya kizimba, akisukuma kidogo hapa na kidogo pale, na akigundua mahali palipolegea hurudi papo hapo kesho na keshokutwa mpaka paachie. Kwa hiyo mfugaji anayeniuliza afanye nini na fedha kidogo alizo nazo, jibu langu ni moja: punguza gharama kwenye mbao, kwenye mapambo na hata kwenye ukubwa wa kioo, lakini usipunguze kwenye mlango, komeo na matundu ya hewa.

Kabla ya msumari wa kwanza kuna suala la kibali. Chatu wa Afrika ni mnyamapori. Nchini Kenya anasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na Tanzania na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, Kiambatisho cha Pili. Kumfuga bila kibali ni kosa, hata kama alizaliwa nyuma ya choo chako. Ukimkuta shambani, wapigie KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) au TAWA (mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania) waje wamchukue. Makala haya ni ya wenye vibali: bustani ndogo za nyoka, vituo vya kulea wanyama waliookolewa, na wenzetu walio ughaibuni katika nchi zinazoruhusu chatu nyumbani. Huko nako sheria zinabadilika. Jimbo la Florida, Marekani, kwa mfano, mwaka 2021 liliwaingiza chatu wa Burma na chatu wa Afrika kwenye orodha ya wanyama waliopigwa marufuku.

Vifo viwili vya kweli vinaeleza kwa nini nasisitiza mlango. Julai 2009, katika mji mdogo wa Oxford, Florida, mtoto wa miaka miwili aliuawa kitandani na chatu wa Burma wa takribani mita 2.6. Nyoka huyo alikuwa akiwekwa kwenye tangi la kioo ambalo kifuniko chake kilikuwa mfarishi. Agosti 2013, mjini Campbellton, Kanada, ndugu wawili wa miaka 4 na 6 waliuawa wakiwa wamelala. Chatu wa Afrika alipenya kwenye tundu la bomba la hewa lililokuwa juu ya kizimba chake, akasafiri juu ya dari, akaangukia sebuleni walimokuwa watoto. Uzito wake haukufika kilo 30. Hawa hawakuwa nyoka wa kutisha kwa ukubwa, na kuta za vizimba vyao hazikuvunjika.

Sasa tujenge. Plaiwudi huuzwa madukani kwa karatasi za futi 8 kwa 4, na kipimo hicho kinamfaa chatu mkubwa vizuri, mradi asiwe amepita mita tatu na nusu au nne. Chukua karatasi nne za unene wa milimita 18. Moja ni sakafu, moja paa, moja ukuta wa nyuma, na ya nne ikatwe katikati ipate mbavu mbili za futi 4 kwa 4. Mbele kunabaki wazi kwa ajili ya fremu na milango. Hakuna kipande kinachotupwa, na fundi seremala wa mtaani anaweza kuikamilisha kwa muda mfupi. Zuia maungio yote kwa silikoni, paka vanishi au rangi ya mafuta ndani na nje, kisha acha kizimba kikae wazi mpaka harufu yote iishe kabisa. Pafu la nyoka halivumilii mvuke wa rangi.

Wengi huanza na kitu cha bei ya chini zaidi, kabati kuukuu la nguo. Kwa chatu mchanga linaweza kufaa, ila ligeuze kwanza ulitazame mgongoni. Utakuta hadibodi nyembamba iliyopigwa misumari midogo kutoka nje. Nyoka anasukuma kutoka ndani kwenda nje, yaani upande ule ule ambao misumari hutoka kirahisi. Bandua hadibodi hiyo, weka plaiwudi, na uifunge kwa skrubu.

Hata hivyo mimi ningekushauri usipitie kabati. Chatu wa Afrika hutoka kwenye yai akiwa na nusu mita tu na zaidi kidogo, hukua haraka akilishwa vizuri, na akitunzwa anaweza kupita miaka 20. Mwenye kujenga kidogo, kisha cha kati, kisha kikubwa, amelipa fundi mara tatu. Jenga kikubwa mara moja, ukigawe kwa ukuta wa kati unaoondolewa. Mdogo aishi upande mmoja, kwa sababu kwenye uwazi mkubwa usio na maficho huogopa na kuacha kula, na anapokua unautoa ukuta. Akipita mita nne, kizimba cha futi nane hakimtoshi tena. Hapo hesabu rahisi kuliko zote ni kumpa chumba kizima cha matofali, stoo isiyotumika kwa mfano, kilichopigwa lipu laini na kuwekewa mlango wa chuma.

Tufike mlangoni. Bawaba na makomeo yafungwe kwa boliti zinazopenya mbao mpaka upande wa pili na kukazwa kwa nati. Skrubu za mbao hulegea kwa unyevu. Kila mlango uwe na makomeo mawili, moja karibu na pembe ya juu na jingine karibu na pembe ya chini. Komeo moja la katikati linaacha pembe zikicheza, na chatu anajua pembe. Jaribu mwenyewe: funga mlango, kisha usukume kwa kiganja kutoka ndani kwenye kila pembe, kwa nguvu. Ukiona mwanya unaopitisha kidole, kazi haijaisha. Kanuni ya kichwa ni ile ile kwa nyoka wote: kichwa kikipita, mwili mara nyingi hubanwa na kufuata. Milango ya vioo vinavyoteleza hupendeza, lakini nyoka huiburuza kwa kujisugua tu, kwa hiyo iwe na kufuli. Kioo chenyewe kiwe cha usalama, kile ambacho kikivunjika husagika chenga chenga, unene usipungue milimita 6. Kufuli za kawaida za dukani zinatosha. Ufunguo ukae mfukoni mwa mtu mzima. Usitundikwe kwenye msumari kando ya kizimba ambapo kila mtoto wa nyumba anaufikia.

Matundu ya hewa yawe juu, madogo mengi kuliko makubwa machache. Yafunike kwa wavu mgumu wa chuma uliobanwa kwa mbao kandokando, si kwa misumari ya kutawanya. Wavu wa kuku haufai. Usiweke wavu chini, kwenye usawa wa pua, kwa sababu chatu atausugua mpaka ajichubue mdomo, na vidonda hivyo huoza. Waya za umeme nazo zinahitaji tundu. Nimeona vizimba vilivyofungwa kwa kufuli tatu vikiwa na tundu la waya linaloingiza ngumi. Liwe saizi ya waya na lizibwe.

Kizimba chenyewe ni kuta za kwanza tu. Chumba kinachokibeba kiwe kizuizi cha pili: mlango usio na upenyo chini, madirisha yenye wavu, dari isiyo na mashimo, na mfuniko mzito kwenye tundu la maji machafu. Asilale mtu humo.

Joto ndilo gharama inayorudi kila mwezi, na hapa mahali unapoishi panaamua mengi. Mombasa au Tanga, kivuli na hewa vinatosha sehemu kubwa ya mwaka. Nairobi usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi joto 13, na huko lazima upashe. Upande mmoja wa kizimba uwe kati ya nyuzi 31 na 33, mwingine 25 hadi 27, ili nyoka achague mwenyewe. Chombo cha joto kiunganishwe na themostati, kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe, na balbu yoyote ifungwe ndani ya kikapu cha chuma, maana chatu huizungushia mwili na kuungua bila kujitoa. Plaiwudi nene inahifadhi joto kuliko kioo, na hiyo ni sababu nyingine ya kupunguza kioo. Umeme ukikatika, madumu ya maji ya moto yaliyofungwa kwenye nguo yatakuvusha usiku. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe. Hewa yake ya sumu itamuua nyoka, na wewe pia.

Kwa mabanda ya nje hatari hugeuka: huko adui ni joto la kuzidi. Paa la mabati mchana wa Februari linaweza kumuua mnyama asiye na pa kukimbilia, kwa hiyo weka makuti au dari chini yake. Halafu kuna siafu. Chatu porini huwakimbia. Uliyemfungia hana njia, na kundi la siafu linaweza kummaliza kwa usiku mmoja. Kizimba chenye miguu kisimame kwenye makopo yenye mafuta machafu, na majani yanayogusa kuta yafyekwe.

Ndani, vitu rahisi vinatosha. Magazeti sakafuni hubadilishwa kwa dakika chache. Maranda ya mwerezi yasitumike kwa sababu ya mafuta yake makali. Maji yawe kwenye chombo kizito kinachomtosha kujizamisha. Pipa la plastiki lililokatwa nusu na kusuguliwa kingo ni zuri, likizungushiwa matofali asilipindue. Safisha kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji mengi, kisha suuza. Dawa zenye fenoli, zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikikutana na maji, ni sumu kwake. Nawa mikono kwa sabuni kila mara, maana nyoka mwenye afya tele anaweza kubeba bakteria wa salmonela.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote ni sanduku la maficho lenye mlango wa kuvutwa kutoka nje. Lijengwe ndani ya kizimba, pembeni, giza, likimtosha kujikunja. Chatu akiingia kulala unashusha mlango, unaweka pini, unafungua kizimba na kusafisha bila kumgusa. Ni vipande vichache vya plaiwudi na fito mbili za kuongozea mlango. Bado, kwa chatu aliyepita mita mbili na nusu, kizimba kisifunguliwe na mtu mmoja peke yake, hasa siku ya kulisha. Na asiyenawa harufu ya kuku au sungura asitie mkono ndani, kwa kuwa nyoka huamua kwa harufu.

Na akikosekana? Funga mlango wa chumba kwanza, watoe watoto na mbwa nje ya nyumba, kisha tafuta akiwa na wewe mtu mzima mwingine. Anza karibu, penye giza na uvuguvugu: nyuma ya friji, ndani ya kochi, juu ya kabati, chini ya tangi la maji. Usipompata, nyunyiza unga mwembamba sakafuni na kwenye vizingiti usiku, asubuhi njia yake itaonekana. Waambie majirani siku hiyo hiyo, nyumba kwa nyumba, hasa wenye watoto wachanga, na upige simu kwa maofisa wa wanyamapori hata kama kibali chako kimekwisha muda.