Kupika data: maana yake, na kwa nini 9.81 inaweza kumuumbua mwanafunzi wa Kampala

Kupika data ni kuandika kwenye daftari la maabara kipimo ambacho hukukipima, au kubadilisha ulichokipima ili kilingane na jibu linalotarajiwa. Wizi wa mitihani unajulikana, na kanuni za vyuo vyetu zinauadhibu hata kwa kumfukuza mtu. Huu wa maabara hauna kelele, kwa hiyo wengi hawauhesabu kuwa wizi.

Chukua pendulamu, zoezi la kila mwanafunzi wa fizikia. Unafunga uzito kwenye uzi, unapima muda wa mabembeo 20, unabadilisha urefu wa uzi, unapima tena, mwishowe unakokotoa mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani jinsi kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka kila sekunde. Vitabuni ni mita 9.81 kwa sekunde mraba. Mpishi huanzia hapohapo: anashika 9.81, anakokotoa kinyumenyume hadi kwenye sekunde, halafu anachezea tarakimu za mwisho kidogo zisionekane safi mno. Tatizo ni kwamba Kampala iko jirani na ikweta, tena mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mvutano hapa ni karibu 9.78. Ile 9.81 ni ya London. Uzi na saa ya mkononi haviwezi kuonyesha tofauti ndogo hivyo. Mwanafunzi mkweli atapata 9.6, mwenzake 9.9, na wote wawili wamefanya kazi. Benchi zima likileta 9.81, mhadhiri aliye macho hahitaji shahidi.

Kuna aina zake. Mwanahisabati Mwingereza Charles Babbage alizitenganisha tangu mwaka 1830: kubuni vipimo ambavyo havikuwahi kuwepo, kupunguza vilivyozidi na kuviongeza vilivyopungua ili vikaribiane, na kuchagua vinavyokupendeza tu huku vingine ukivitupa. Hii ya tatu ndiyo yenye utata. Kwenye taitresheni, zoezi la kemia la kudondosha kimiminika kimoja ndani ya kingine hadi rangi ibadilike, kipimo cha kwanza mara nyingi ni cha kukadiria, na kukiacha nje ya wastani ni halali kabisa, mradi kibaki kimeandikwa. Ukikifuta kana kwamba hakikuwahi kutokea, umeshavuka mpaka.

Na kutumia data ya mwenzako? Mkiwa sita kwenye bureti moja, ule mrija wa kioo wenye alama za kupimia kimiminika, hakuna namna nyingine. Andika kwamba mlipima pamoja, na nani alisoma bureti, basi yameisha. Kosa ni kuchukua ripoti ya mwaka jana iliyozungushwa WhatsApp, ukabadilisha jina na namba ya usajili, ukaichapisha kwenye maduka ya Wandegeya, mtaa ulio jirani na Chuo Kikuu cha Makerere.

Mimi lawama siwatupii wanafunzi peke yao. Tangu sekondari wamezoea kupewa alama kadiri jibu lao linavyokaribia la mwalimu. Ukiadhibu jibu lililo mbali na kitabu bila kusoma maelezo ya kwa nini liko mbali, unawafundisha kupika. Na umeme ukikatika katikati ya zoezi, siku ya kulirudia isipangwe, mnategemea nini?

Madhara yake hayaishii kwenye alama. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Ilipofungua tena, ilitaka kila shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Namba hiyo hutoka kwa mtu aliyesimama maabara, na mtu huyo jana alikuwa mwanafunzi. Aliyezoea kuanzia kwenye jibu linalotakiwa anajua vizuri namna ya kupata 8, na mlaji wa posho, yaani ugali, hana njia ya kumkagua.

Zoezi likikuharibikia, andika kwa wino, palepale, si jioni hosteli. Ukikosea namba, ipige mstari mmoja ili iendelee kusomeka, andika sahihi pembeni. Kama bureti ilivuja, sema ilivuja, na kadiria ilipoteza kiasi gani. Ukipata 9.3, iache 9.3, kisha kwenye majadiliano eleza: labda uliupima uzi hadi kwenye fundo tu ukasahau kuongeza kipande cha kufika katikati ya uzito, ukaufanya mfupi kuliko ulivyo, na jibu likashuka. Maelezo hayo mpishi hana pa kuyatoa.