Wizi wa Vifaa vya Magari Yanayolala Nje: Tuanze na Mnunuzi

Viwanja vya Sinza na Kijitonyama jijini Dar es Salaam vilipopimwa katika miaka ya 1970, vilikatwa vidogo, na wachache miongoni mwa waliogawiwa walikuwa na gari. Leo nyumba hizo zimeongezewa vyumba vya wapangaji na fremu za maduka hadi ukingoni mwa kiwanja, na magari yanalala nje yakiwa yamebanana kando ya barabara. Hali haina tofauti kubwa Tabata na Mwananyamala, na ndiyo maana hayaishi malalamiko ya watu kuamka na kukuta vioo vya pembeni, taa, betri au redio vimenyofolewa.

Anayenyofoa kioo usiku hakihitaji yeye. Kioo cha Toyota IST au Vitz kinaingia kwenye magari mengine mengi ya aina hiyo hapa jijini, hivyo kukipatia mteja si kazi. Mteja huyo mara nyingi ni mwenye gari mwenzetu, pengine naye ameibiwa juzi, anayetafuta nafuu ya bei bila kuuliza kifaa kimetoka wapi. Hili lisemwe wazi: kununua au kupokea mali huku ukijua kuwa ni ya wizi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Anayenunua spea iliyotumika adai risiti, akague kama kuna namba iliyokwanguliwa, na aachane na kifaa ambacho muuzaji hawezi kueleza kilikotoka.

Kwa sababu hiyo, kinga ninayoiamini kuliko zote ni kuchora namba ya usajili kwenye vifaa vyenyewe, kwa kuwa kifaa chenye namba ya mtu kinapoteza bei. Wengi huishia kwenye kioo tu, ilhali kioo hubandikwa kingine kwa gharama ndogo. Namba ichorwe pia kwenye plastiki inayobeba kioo, kwenye taa zote na kwenye vioo vya milango, mahali inapoonekana na si pembezoni kabisa. Redio na betri zipigwe picha pamoja na namba zake za kiwandani, na picha hizo zihifadhiwe nje ya gari.

Mengine mnayajua, ila usiku wa uchovu husahaulika: kunja vioo, vuta kitasa baada ya kubonyeza rimoti uhakikishe milango imejifunga, na usiache begi kwenye kiti hata likiwa tupu, maana anayevunja dirisha halijui hilo.

Mlinzi anayekaa ndani ya geti halioni gari lililo nje. Ni afadhali nyumba kadhaa zikubaliane, kupitia mjumbe na serikali ya mtaa, kulaza magari sehemu moja yenye taa na kuchangia mlinzi mmoja anayeyatazama, kuliko kila mtu kubaki na wake. Mvua za masika zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu walinzi hujibanza na sauti ya bati hufunika kishindo cha kuvunja.

Ukikuta umeibiwa, usifute wala kushikashika palipovunjwa. Piga picha, nenda kituo cha polisi ufungue jalada na upewe namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Wizi ukiwa unaendelea, piga 112. Mtuhumiwa akikamatwa na wananchi akabidhiwe polisi akiwa mzima, kwani kumpiga ni kosa, na ndiye anayeweza kutufikisha kwa anayenunua vifaa kutoka kwake.

Bima ndogo, ile ya kufidia watu wengine tu, haifidii kilichoibwa kwenye gari lako. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake aone kama wizi wa kifaa kimoja kimoja umo, na aijulishe kampuni mapema akiwa na taarifa ya polisi mkononi.