Mtumishi akihama, nani anabaki na ujumbe wa simu ya ofisi?

Mtumishi akihamishwa huwa tunamkabidhisha vitu vyote. Funguo za kabati, mafaili, muhuri, kompyuta, hata birika la chai linaandikwa kwenye hati ya makabidhiano. Kisanduku cha ujumbe wa sauti cha simu yake ya mezani hakimo. Nimefanya kazi ya TEHAMA hapa Tabora miaka mingi, na sijakutana na hati iliyokitaja.

Kuna ofisi niliitwa kurekebisha simu, nikakuta simu ya meza ya dirishani inawaka taa nyekundu ya ujumbe usiosikilizwa. Wenyewe walishaizoea, kuna aliyeibandika kipande cha plasta isimsumbue macho. Aliyekuwa akiitumia alikuwa amehamia Kigoma miezi saba nyuma. Nikafuta namba yake ya siri, nikaweka mpya, na mkuu wa kitengo akaketi tusikilize. Ujumbe ulikuwa 32. Mmoja ulitoka kwa mzee wa Urambo. Alitaja namba yake tarakimu moja moja, akairudia, kisha akauliza, "Mmenisikia?" Akasubiri. Alidhani kuna mtu upande wa pili. Tulipompigia, alisema ameshapanda basi kuja Tabora mara mbili kufuatilia jambo lile lile.

Kisanduku hufungwa kwenye namba ya ndani ya simu, ile fupi ya kupigiana ofisini, siyo kwenye jina la mtu. Simu ikiita bila kupokelewa, mtambo wa simu wa ofisi unaichukua, unamsikilizisha mpigaji salamu, kisha unarekodi. Anayetaka kusikiliza anaingiza namba ya siri. Sasa, visanduku vipya mara nyingi huja na namba ya kuanzia ambayo kila fundi anaijua: 0000, 1234, au namba ya ndani ya meza yenyewe. Na mitambo mingi inaruhusu kusikiliza ukiwa nje: unapiga ofisini, salamu ikianza unabonyeza nyota au alama ya reli, unaingiza namba ya siri. Njia hiyo inamfaa afisa aliye safarini Kaliua. Inamfaa mwizi pia.

Uingereza iliyaona haya kwa ukubwa. Gazeti la News of the World lilifungwa Julai 2011 baada ya kubainika kwamba ujumbe wa sauti wa watu ulikuwa ukisikilizwa kwa siri, na namba za kuanzia zisizobadilishwa zilikuwa mlango mmojawapo. Wezi wengine hawana haja na maneno yako. Wakishaingia, kama mtambo unaruhusu, wanaelekeza simu kwenye namba za nje ya nchi zenye gharama kubwa, Ijumaa jioni mkishafunga ofisi. Mnakuja kujua bili ikifika. Kama hakuna anayehitaji kupiga nje kupitia kisanduku, mwambieni fundi aifunge njia hiyo kabisa.

Namba ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000; ya tarakimu 6 ina 1,000,000. Chagueni ya 6, na mtambo ufunge kisanduku baada ya majaribio machache yaliyokosewa. Namba yako usimtajie hata fundi. Hahitaji kuijua, ukiisahau anaifuta, unaweka nyingine. Karatasi iliyobandikwa chini ya simu iondolewe leo.

Linalosahaulika zaidi ni barua pepe. Mitambo ya siku hizi hutuma ujumbe wa sauti kwenye barua pepe ya mtumishi. Akihama bila mpangilio huo kuondolewa, sauti za wananchi zinaendelea kumfuata huko aliko, na majina yao na shida zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaitaka taasisi izilinde taarifa za namna hiyo. Kwa hiyo siku ya makabidhiano fundi awepo: abadilishe namba ya siri, aondoe barua pepe ya zamani, na ujumbe ambao haujasikilizwa uorodheshwe kwenye hati.

Anayepokea ofisi arekodi salamu yake siku hiyo hiyo. Iwe fupi: ofisi gani, kwamba hii ni mashine inayorekodi, na mpigaji aache jina, kijiji na namba yake. Kisha apige kwa simu yake ya mkononi aisikilize. Neno "mashine" lisiposikika vizuri, arekodi tena.